Kibali cha mgodi kikiangukia makaburi au mahali pa kale: hatua za kufuata Lubumbashi na Haut-Katanga

Mwongozo huu ni kwa familia zenye makaburi karibu na machimbo, machefu wa kimila, kamati za vijiji, mapadri na wachungaji, walimu, na avoka kijana anayeletewa kesi ya namna hii kwa mara ya kwanza. Kabla ya yote, fahamu kwamba kibali cha madini hutolewa juu ya ramani ya miraba. Ramani hiyo haioni kaburi, haioni mti wa mizimu, haioni mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba. Kama mahali penu hapajaandikwa popote, afisa aliyeko Kinshasa anapafungulia faili kama pori tupu. Migogoro mingi ya aina hii hupotea kwa sababu karatasi ya kijiji ilikuja baada ya karatasi ya kampuni, hata pale ambapo sheria ilikuwa upande wa kijiji.

Sheria zinazogongana

Sheria ya madini ni namba 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018. Inasema madini ni mali ya Serikali, na kwamba haki juu ya madini ni tofauti na haki juu ya udongo wa juu. Tofauti hiyo ndiyo silaha yenu. Mwenye kibali ana haki juu ya madini, lakini hajapata kwa hilo peke yake ruhusa ya kukalia kila kipande cha ardhi kilicho ndani ya kibali chake.

Kifungu cha kusoma mara tatu ni cha 279. Kinasema kwamba bila ridhaa ya mamlaka husika, hakuna anayeweza kukalia ardhi iliyotengwa kwa makaburi, ardhi yenye mabaki ya akiolojia au mnara wa taifa, ardhi iliyo chini ya mita 90 kutoka mpaka wa kijiji, komini au mji, ardhi ambayo ni barabara, wala ardhi iliyo ndani ya hifadhi ya taifa. Kisha kinaongeza kwamba bila ridhaa ya mwenye mali au mkaaji halali, mwenye kibali haruhusiwi kukalia ardhi iliyo chini ya mita 180 kutoka nyumba au jengo, hata kama kwa sasa halina mtu, wala iliyo chini ya mita 45 kutoka shamba lililolimwa.

Mnaona wenyewe kwamba kifungu hicho hakikatazi moja kwa moja. Kinasema «bila ridhaa». Kwa hiyo swali la kuuliza kampuni si «mna kibali?», maana kibali wanacho na watawaonyesha kwa furaha. Ulizeni hivi: «Ridhaa ya kukalia mahali hapa iko wapi, ilisainiwa na nani, tarehe gani?» Mara nyingi karatasi hiyo haipo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuidai.

Upande wa pili kuna amri-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za kitamaduni. Hiyo inampa waziri wa utamaduni uwezo wa kuorodhesha mahali au kitu kuwa urithi unaolindwa, na mahali palipoorodheshwa hapabomolewi wala kubadilishwa bila idhini. Katiba ya 2006, kifungu cha 46, inaiamuru Serikali kulinda urithi wa utamaduni wa taifa.

Mgongano unatoka hapa: wizara moja inatoa vibali, nyingine inalinda urithi, na faili zao hazikutani mpaka mtu azikutanishe. Huyo mtu ni nyinyi.

Hatua ya 1: jueni kibali kimefika wapi

Nendeni kwenye ofisi ya mkoa ya Kadasta ya Madini (CAMI) hapa Lubumbashi. Daftari za vibali na ramani zake hazifichwi, na ramani ya vibali huonekana pia kwenye intaneti. Chukueni mambo manne: namba ya kibali, jina la mwenye nacho, aina yake, na tarehe kilipotolewa na kitakapoisha. Kama mnalipia nakala, ulizeni ada kabla na mdai risiti.

Aina ya kibali inabadilisha kila kitu. Kibali cha utafiti hudumu miaka 5 na kinaweza kuongezwa mara moja kwa miaka 5 mingine. Hapo kampuni inatoboa na kupima, na nyinyi mna muda wa kutosha kuandaa faili. Kibali cha uchimbaji hudumu miaka 25. Kama kampuni ina cha utafiti na sasa inaomba cha uchimbaji, hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote, kwa sababu kifungu cha 69 kinaitaka iweke katika ombi lake ripoti ya mashauriano na viongozi wa mahali na wawakilishi wa jamii za jirani. Barua yenu ikiwa imeshapokelewa wakati huo, ripoti haiwezi kusema kwamba hakuna aliyelalamika.

Mraba mmoja wa kadasta una hekta 84.955, yaani kila upande ni mita mia tisa na kidogo. Makaburi ya familia yenye mita 35 kwa 20 hayaonekani kabisa ndani ya mraba kama huo. Ndiyo maana msitegemee afisa ayaone.

Hatua ya 2: pimeni wenyewe, na mpime vizuri

Kazi hii fanyeni kati ya Julai na Septemba, nyasi zikiwa zimeungua na udongo ukionekana. Uchunguzi wa Januari au Februari, nyasi zikiwa juu ya kichwa cha mtu, hauwezi kuona vipande vya vyungu vilivyolala chini. Mkikuta ripoti ya kampuni inasema «hakuna urithi uliopatikana», angalieni kwanza ilifanywa mwezi gani.

Simu yenye GPS inatosha. Simameni mahali peupe, subirini dakika mbili hivi hadi simu ionyeshe kosa la mita 5 au chini, kisha mwandike. Chukueni nukta kwenye pembe nne na katikati. Angalieni mambo mawili:

Kwanza, mfumo wa namba za mahali uwe WGS 84, ule unaotumiwa na GPS. Ramani za zamani za Katanga zilichorwa kwa mfumo mwingine, na nukta iliyosomwa kwenye ramani hizo inaweza kuhama zaidi ya mita mia moja ukiiweka kwenye ramani ya sasa. Katika ugomvi wa mita 90, kosa hilo peke yake linaua kesi.

Pili, msikate desimali. Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31. Ukiandika sekunde kamili bila desimali, umeshaacha nafasi ya kubishana. Andikeni sekunde pamoja na desimali moja, au digrii zenye tarakimu tano baada ya nukta, ambazo zinafika hadi mita moja. Mkitumia UTM, yaani namba za mahali zinazohesabiwa kwa mita, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zote ziko kanda ya 35 Kusini.

Halafu pimeni kwa kamba au mita ya fundi kutoka ukingo wa mahali penu hadi alama ya kampuni iliyo karibu, mkiwa na mashahidi wawili, mmoja wa kijiji na mmoja wa komini au sekta. Namba ya kamba ikilingana na namba ya GPS, itakuwa vigumu kuikataa.

Hatua ya 3: fungueni karatasi ya mahali

Karatasi moja kwa kila mahali. Msiweke makaburi, mti wa mizimu na machimbo ya kale kwenye karatasi moja, kwa sababu kila kimoja kinashikiliwa na sehemu tofauti ya sheria. Yaliyomo ni kama hivi:

*Aina: makaburi ya familia. Ukubwa: mita 35 kwa 20. Makaburi yanayoonekana: 14, matatu yana msalaba wa chuma, mawili yana saruji yenye mwaka, tisa ni vichuguu vya udongo vilivyozungushiwa mawe. Kaburi la mwisho: mwaka. Familia zinazohusika: majina ya ukoo. Anayetunza: mzee fulani. Njia ya kufika. Namba za GPS, pembe nne na katikati. Picha: nne za pembeni, moja ya kila kaburi. Tarehe. Saini za walioshuhudia.*

Mkianza na makaburi, kuna mtego. Sheria inasema ardhi «iliyotengwa kwa makaburi». Avoka wa kampuni atasema makaburi ya kijiji hayakutengwa na mtu yeyote, ni watu tu walizikana pale. Jibu ni cheti: ombeni chefu wa kimila na mkuu wa sekta au burgumesta watoe hati inayothibitisha kwamba mahali hapo ni pa kuzikia, tangu lini, na kwa watu gani. Hati ya ukurasa mmoja yenye muhuri, iliyoandikwa kabla ya ugomvi kuanza, ina nguvu kuliko hotuba ndefu mbele ya hakimu.

Mahali pa kale panahitaji jicho lingine. Nchi yetu ilichimba na kuyeyusha shaba karne nyingi kabla kampuni ya Union Minière haijaanzishwa mwaka 1906. Alama zake ni hizi: mashimo ya zamani yaliyojaa udongo na miti mikubwa ndani yake, mawe mazito meusi yanayong'aa kama kioo, ambayo ni takataka za kuyeyushia, vipande vya mabomba ya udongo mwekundu, vyenye tundu la upana wa vidole viwili au vitatu, ambavyo vilipeleka hewa kutoka kwenye mivukuto hadi motoni, na vipande vya vyungu vyenye mistari. Bomba la namna hiyo hutambulika kwa ncha yake: upande uliokaa motoni umeyeyuka na kuvaa ganda jeusi au la kijani, upande wa pili umebaki udongo wa kawaida. Mkiliona moja, msiliokote. Wekeni rula au kalamu pembeni, pigeni picha kutoka juu, andikeni namba za GPS, liacheni lilipo. Likiondolewa mahali pake linabaki kipande cha udongo ambacho hakithibitishi kitu mbele ya mtu yeyote.

Misalaba midogo ya shaba, ambayo mababu waliitumia kama fedha, ni ya kushughulikia kwa uangalifu zaidi. Ina wanunuzi. Katika bonde la Upemba, makaburi ya kale ya Sanga yaliyochimbuliwa na mwanaakiolojia Jacques Nenquin mwaka 1957 yalitoa mapambo mengi ya shaba pamoja na vyungu, na sifa hiyo huvuta wezi hadi leo. Kwa hiyo tengenezeni ramani mbili: moja yenye namba kamili, kwa ofisi na avoka, nyingine ya kuonyesha watu, isiyo na namba. Msiweke namba hizo kwenye WhatsApp ya kijiji.

Hatua ya 4: barua, na muhuri juu ya kila nakala

Ofisi zinafanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo barua iwe ya Kifaransa. Lakini kwanza iandikeni kwa Kiswahili na muisome mbele ya kijiji, watu wajue wanasaini nini. Ipelekeni kwa: CAMI ya mkoa, divisheni ya mkoa ya madini, divisheni ya mkoa ya utamaduni na sanaa, Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, msimamizi wa teritware au burgumesta, na kampuni yenyewe. Nakala kwa gavana na kwa Shirika la Mazingira la Kongo (ACE).

Sentensi yenye uzito ni hii:

*«Tunaomba mtuonyeshe kwa maandishi ridhaa ya mamlaka husika inayotakiwa na kifungu cha 279 cha sheria ya madini, kwa ajili ya mahali penye namba za GPS zilizo hapa chini. Hadi tutakapoonyeshwa, tunapinga kukaliwa kwa mahali hapo.»*

Barua ya malalamiko ya kurasa tano, inayochanganya maji, ajira, barabara na makaburi, hujibiwa kwa ahadi ya kuchimba kisima. Makaburi yapewe barua yake.

Beba nakala mbili kila ofisi. Moja inabaki, ya pili inapigwa muhuri, tarehe, na jina la aliyepokea. Sekretari akisema «acha hapo, bosi ataona», subiri mpaka apige muhuri. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa haina faida mahakamani.

Ombeni pia, katika barua kwa divisheni ya utamaduni, kuorodheshwa kwa mahali hapo. Uamuzi ni wa waziri na unachukua muda, lakini ombi lililopokelewa linaonyesha kwamba Serikali ilijulishwa. Idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni mlango mzuri wa kupata mtaalamu wa kusaini maelezo ya kisayansi. Ukurasa mmoja wa mtaalamu unabadilisha namna barua inavyosomwa.

Hatua ya 5: ripoti ya athari kwa mazingira na jamii

Kabla ya kuchimba, kampuni lazima iwe na uchunguzi wa athari na mpango wa kuzisimamia. Dai kuiona sehemu ya urithi na utamaduni. Someni ramani zake mkiwa na karatasi zenu mkononi, na mtafute vitu vitatu: je, mahali penu pametajwa, je, pako kwenye nukta sahihi, je, pamewekewa uzio au pamepangiwa kuhamishwa?

Mkutano wa mashauriano una hatari yake. Orodha ya waliohudhuria huweza kubandikwa baadaye nyuma ya ripoti kana kwamba wote walikubali. Juu ya karatasi ya kusaini andikeni kwa mkono: «tumehudhuria, hatujakubali», kabla ya jina la kwanza. Na muombe nakala ya muhtasari siku hiyohiyo, si wiki ijayo.

Hapa ni lazima tuseme wazi jambo linaloumiza: kukosa umoja. Chefu mmoja akisaini peke yake usiku, familia zikaamka asubuhi na alama za rangi juu ya makaburi, kesi imekuwa ngumu mara kumi. Andikeni mapema muhtasari wa kijiji unaosema kwamba ridhaa yoyote juu ya makaburi inahitaji saini ya chefu pamoja na wawakilishi wa kila ukoo uliotajwa kwenye karatasi. Pelekeni nakala kwa kampuni. Muhtasari huo unamlinda hata chefu mwenyewe anaposhinikizwa.

Ulizeni pia nani anaikopesha kampuni. Benki nyingi za kimataifa zinafuata viwango vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni, na kiwango cha 8 kinahusu urithi wa utamaduni, kikiwa na utaratibu wa lazima kwa vitu vinavyoibuka wakati wa kuchimba. Barua moja kwa mkopeshaji wakati mwingine inasogeza kilichokwama miezi mingi.

Kitu kikiibuka wakati katapila iko kazini

Vifungu vya 205 na 206 vya sheria ya madini vinahusu hali hii: vitu vya urithi vikiibuka, mwenye kibali havihamishi, na anaziarifu kwa maandishi, bila kuchelewa, mamlaka za utamaduni na makumbusho. Wafanyakazi ndio wanaoona kwanza, basi wafundisheni vijana wenu walioajiriwa: simamisha mashine, mwite msimamizi, piga picha yenye kipimo na saa, zungushia utepe, usioshe kitu, usibebe kitu. Picha yenye saa ni muhimu kwa sababu shimo la asubuhi linaweza kuwa limefukiwa jioni. Siku hiyohiyo kijiji kiandike barua yake kwa makumbusho. Msisubiri kampuni iandike.

Mkinyamaziwa: ombi la pamoja na mahakama

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Kusanyeni saini zenye jina kamili na namba ya kadi ya mpiga kura. Saini ishirini za kweli zinashinda mia mbili zenye mwandiko mmoja.

Kwa kupinga uamuzi wenyewe, kuna sheria namba 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016 kuhusu mahakama za kiutawala. Kwanza mnapeleka lalamiko kwa mamlaka iliyotoa uamuzi, ndani ya miezi 3 tangu kutangazwa au kujulishwa. Ikinyamaza miezi 3, ukimya ni kukataa, na hapo saa ya mahakama inaanza kuhesabu miezi 3 mingine. Uamuzi wa waziri wa taifa unakwenda Baraza la Serikali (Conseil d'État), mahakama kuu ya kiutawala, Kinshasa. Wa mamlaka za mkoa unashughulikiwa huku mkoani. Avoka aombe pia kusimamishwa kwa dharura, kwani hukumu inayokuja baada ya makaburi kuchimbwa haiwarudishi waliozikwa. Kosa la kawaida ni kutumia miezi ile mitatu kwenye mikutano mizuri na kampuni, ikiisha avoka anaambiwa muda umepita. Endeleeni na mikutano, lakini lalamiko liwe tayari limepokelewa.

Kama mahali penu pako ndani ya hifadhi ya Upemba au Kundelungu, njia ni fupi zaidi: andikieni ICCN, taasisi ya Serikali inayosimamia hifadhi za taifa, na mtaje sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa asili.

Kama familia zimekubali kuhamisha

Hiyo ni haki yao, na si aibu. Lakini iwe kwa maandishi na kwa utaratibu. Kiambatisho cha XVIII cha kanuni za madini kinatoa mwelekeo kuhusu kuhamisha jamii na fidia. Juu ya hapo wekeni masharti yenu: idhini ya mamlaka ya mahali, makaburi mapya yawe yamechimbwa kabla ya kufungua ya zamani, sanduku moja kwa kaburi moja, lenye namba ileile ya kwenye karatasi, mtu mmoja wa familia asimame pale tangu jembe la kwanza hadi sanduku lifungwe, kazi ifanywe kwa mikono, si kwa mashine, gharama za mila, ibada na chakula cha wageni zilipwe mapema na kampuni, kwa risiti. Kaburi la mtoto huwa fupi na mifupa yake laini, mara nyingi hakuna kinachoonekana isipokuwa udongo mweusi zaidi. Udongo huo nao uwekwe kwenye sanduku, na familia iambiwe ukweli.

Baada ya kupata mnachotaka

Chomekeni alama za saruji kwenye pembe nne, zenye namba ya karatasi. Peleka nakala ya makubaliano CAMI, divisheni ya utamaduni na makumbusho. Halafu rudini kwenye ramani ya kadasta kila baada ya miezi sita. Kibali kikiisha au kikiachwa, miraba yake inafunguliwa tena, na anayewahi kuomba ndiye anayehudumiwa kwanza. Mwenye kibali mpya hafungwi na ahadi ya mdomo ya yule wa zamani, na huenda hajui hata kwamba mlishawahi kukutana. Siku mtakapoona jina jipya kwenye mraba wenu, barua ileile ya hatua ya 4 itoke wiki hiyohiyo.